Saa za Mwanafunzi ni za Nani?



Katika darasa la vijana ninalofundisha, dada mmoja anayesoma Juja aliuliza: "Je, ni dhambi kukosa kesha kwa sababu ya mtihani?" Wengine walimjibu kwamba anayemtanguliza Mungu hawezi kufeli. Wengine wakasema Mungu hamfanyii mtu mtihani. Mimi naona chini ya swali hilo kuna lingine kubwa zaidi. Saa za mwanafunzi ni za nani? Ni zake mwenyewe? Ni za wazazi wanaolipa karo? Ni za kanisa? Tunahitaji kulijibu, maana vijana wetu wamechoka, na baadhi yao tunawachosha sisi wenyewe.

Hebu tuhesabu kwanza. Wiki ina saa 168, kwa tajiri na kwa maskini. Chukulia kijana anayeishi na wazazi hapa Membley na anasoma chuo kikuu. Wa Kenyatta anashuka kuelekea Kahawa, wa JKUAT anapanda kwenda Juja, wa Mount Kenya anafika mpaka Thika, na wako wanaoingia hadi katikati ya jiji. Thika Road ilipopanuliwa na kufunguliwa 2012 tulishukuru sana, lakini anayesimama stejini asubuhi anajua kungoja bado kupo. Tumpe saa tatu kwa siku za kwenda, kurudi na kungoja gari. Kwa siku tano ni saa 15. Yuniti saba za saa tatu kila moja ni 21. Kusoma peke yake, 21 nyingine. Kulala saa saba kila usiku ni 49. Kula, kuoga na kufua, 14. Kazi za nyumbani saa mbili kwa siku, 14. Kanisani: kesha la Ijumaa saa nane, mazoezi ya kuimba saa nne, Jumapili saa sita, ibada ya katikati ya wiki saa mbili. Hizo ni 20. Jumla ni saa 154. Amebaki na 14, yaani saa mbili kwa siku za kupumzika na kucheka na wenzake. Huyo anaweza kwenda vizuri.

Lakini wengi wana kazi ya kando. Tangu mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu uanze 2023, gharama ya mwanafunzi inagawanywa kati ya ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB na mchango wa familia. Familia ikikosa sehemu yake, au mkopo ukichelewa, kijana anajitafutia. Anashinda jioni kwenye kibanda cha M-Pesa, anauza nguo za mtumba kwa simu, anaendesha boda. Weka saa 20 za kazi hiyo. Sasa jumla ni 174, na wiki bado ni ya 168. Zile 14 za kupumzika zimekwisha, na bado anadaiwa saa sita. Atazitoa wapi? Darasani hawezi, mahudhurio yanaandikwa. Nyumbani hawezi, mama ataongea. Kanisani hawezi, Jumapili ataulizwa alikuwa wapi. Basi anazitoa kwenye usingizi, kwa sababu usingizi haumuulizi mtu kitu. Ni karibu saa moja kila usiku, muhula mzima.

Halafu anakuja mbele kuombewa. Anasema akisoma hashiki, moyo unamwenda mbio, anahisi kama amefungwa. Sisi wa Kipentekoste tunaamini kwamba vifungo viko na Yesu hufungua, nami naamini hivyo kwa moyo wote. Lakini kabla ya kumwekea mkono, mimi humuuliza, "Wiki hii umelala saa ngapi?" Si kila stresi ni pepo. Nyingine ni hesabu isiyojumlika.

Mwangalie Eliya katika 1 Wafalme 19. Alitoka kwenye ushindi mkubwa wa Karmeli, akakimbia jangwani, akaketi chini ya mti na kuomba afe. Malaika hakumkemea kwamba amepungukiwa na imani. Hakumwambia afunge siku tatu. Alimwacha alale, akamwamsha ale, akalala tena, akaamshwa mara ya pili ale. Ndipo akapata nguvu ya safari ya siku arobaini hadi Horebu, na huko Mungu akasema naye. Chakula na usingizi vilitangulia, na sauti ya utulivu ikafuata.

Sasa turudi kwa swali la hizi saa ni za nani. Wengi tungesema haraka kwamba ni za Mungu, na ni kweli. Shida ni kwamba jibu hilo linaweza kutumiwa vibaya, na Yesu mwenyewe alilionyesha hilo katika Marko 7. Mtu alikuwa na kitu cha kumsaidia baba yake au mama yake, lakini akasema ni Korbani, kimetolewa kwa Mungu, na viongozi wa dini wakamkubalia. Yesu hakufurahia sadaka ya namna hiyo. Alisema wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Kumbe mtu anaweza kutaja jina la Mungu na huku anachukua kilichokuwa haki ya mwingine.

Fikiria saa ya darasani. Kuna mama aliyeuza maziwa, kuna baba aliyeomba mkopo kwenye chama, ndiyo saa hiyo ikalipiwa. Mwanafunzi ameishika kama amana. Tukimwita katikati ya wiki ya mitihani aje apange viti, na tukamfanya aogope kusema hapana, hiyo ni Korbani. Na mzazi naye ajichunguze. Ukisema, "Huyo hana kazi, ni mwanafunzi tu," kisha ukamtuma dukani, kwa fundi, kwa shangazi na kwenye foleni ya maji, unakula saa ulizozilipia mwenyewe.

Najua mtakaloniambia: "Mwalimu, unawapa vijana kisingizio. Mmoja aliacha kuimba kwa sababu ya masomo, na usiku mzima yuko kwenye simu." Ni kweli, wapo. Anayeomba ruhusa ya kusoma kisha akaitumia kutazama video mpaka saa nane za usiku, au kufuata mechi alizowekea pesa, naye anaiba. Anawaibia wazazi na anajiibia mwenyewe. Amana huwa ina hesabu. Ukiomba saa, uwe tayari kusema umezifanyia nini.

Ndiyo maana nampenda Danieli. Yeye alikuwa mwanafunzi hasa. Kozi yake ilikuwa ya miaka mitatu, lugha na elimu ya Wakaldayo, kwa gharama ya mfalme aliyemteka. Alikataa chakula cha mfalme lakini masomo hakuyakataa. Baadaye, akiwa mkubwa serikalini, aliomba mara tatu kwa siku kama alivyozoea, na maadui walipotafuta kosa katika kazi yake hawakuliona. Maombi yalikuwa na saa yake, na kazi ikawa na saa yake. Hakuna kimoja kilichokimeza kingine.

Basi, ni dhambi kukosa kesha kwa sababu ya mtihani? Jibu langu ni hapana. Yesu aliomba usiku kucha kabla ya kuwachagua wale kumi na wawili, na ni Yesu huyo huyo aliyelala kwenye mashua dhoruba ikivuma. Kukesha kulikuwa ni utii, na kulala hakukuwa uasi. Dhambi ni kudanganya kuhusu sababu ya kukosa. Dhambi nyingine ni ya yule anayemwambia mwanafunzi aliyelala ili afanye mtihani vizuri kwamba amerudi nyuma.

Kuna neno moja la tahadhari. Wako ambao hesabu zao ziko sawa na bado hawalali. Wanalia bila sababu, hawali, wanaanza kusema afadhali wasingekuwepo. Huyo usimpe ratiba, na usimwache peke yake. Muombee, kisha mpeleke hospitalini au kwa washauri wa chuo siku hiyo hiyo. Kumuombea na kumpeleka kwa daktari si mambo yanayopingana.

Wiki hii naomba mambo matatu. Wewe mwanafunzi, andika saa zako 168 kwenye karatasi, uandike na za simu, usijifiche. Zikizidi, chagua cha kupunguza wewe mwenyewe kabla usingizi haujachaguliwa. Mshika mbili moja humponyoka, na wewe umeshika sita. Wewe mzazi, kaa na hiyo karatasi dakika kumi bila kugomba. Na sisi viongozi wa huduma, tumalize mazoezi saa tuliyotangaza, na mitihani ikianza tuwaachilie wanafunzi kwa majuma yote hayo, tena kwa baraka. Kiti kitapangwa na mtu mwingine. Hata mimi mgongo wangu bado unaweza.

Mungu awape watoto wetu akili timamu, mioyo tulivu na usingizi mtamu. Amina.