Wote Kumi Walilala

Ijumaa usiku, kuanzia Makongeni mjini Thika hadi Ruiru, makanisa mengi huwa na kesha, na mfano wa wanawali kumi katika Mathayo 25:1-13 huhubiriwa humo mara nyingi. Funzo linalotolewa ni kwamba Mkristo asilale, maana Bwana aja ghafla. Lakini tukiusoma mfano wenyewe bila haraka, tunakuta jambo ambalo mahubiri hayo huliruka: bwana arusi alipokawia, wanawali wote kumi walisinzia wakalala, wenye busara na wapumbavu pia. Hakuna aliyekemewa kwa usingizi wake. Waliofungiwa mlango walikosa mafuta. Basi kukesha anakokutaka Yesu ni maandalizi yanayofanywa mapema, katika siku za kawaida, na aliyekwisha kuyafanya anaweza kulala kwa amani.

Mafuta hayo ni nini? Mathayo ameuweka mfano huu kati ya mafundisho mengine, na hayo ndiyo yanayoufafanua. Kabla yake yuko mtumwa aliyeachiwa nyumba (24:45-51). Uaminifu wake unapimwa kwa kuwapa wenzake chakula kwa wakati, na uovu wa mtumwa mbaya unaanza pale anapoona bwana amekawia, akawapiga watumwa wenziwe. Baada yake inakuja talanta, kisha hukumu ya kondoo na mbuzi, ambapo watu wanahukumiwa kwa jinsi walivyowatendea wenye njaa, wageni, wagonjwa na wafungwa. Yote yanahusu maisha ya watu wakati Bwana haonekani, na kila mara kipimo ni matendo. Kwa hiyo nayasoma mafuta kuwa imani iliyokwisha kugeuka tabia ya rehema. Anayeijua koroboi anajua kwamba mafuta ya taa yakiisha, utambi huanza kuungua wenyewe, hutoa moshi, kisha huzimika. Bidii ya dini isiyo na rehema nayo huishia hivyo.

Kwa kipimo hiki, fundi wa zamu ya usiku katika kiwanda cha Thika, asiyeweza kufika kwenye kesha, huenda anakesha kuliko aliyepiga magoti hadi alfajiri. Vivyo hivyo mama wa mtaa wa Kiandutu anayemuuguza jirani. Naye tajiri anayeomba usiku kucha, kisha Jumamosi akawazungusha vibarua wa shamba la kahawa kuhusu malipo yao, ameshika taa kavu.

Wapo watakaosema kwamba fasiri hii inaiweka neema kando na kuuza wokovu kwa matendo. Sivyo. Wanawali wote walialikwa bure, na hakuna aliyelipia nafasi yake arusini. Mafuta hayanunui mwaliko; yanaonyesha nani aliuchukua kwa uzito. Wengine watauliza kwa nini wenye busara walikataa kugawa, kama rehema ndiyo shabaha. Ni kwa sababu kuna vitu visivyoazimwa. Naweza kukupa unga au nauli, lakini siwezi kukukopesha uvumilivu nilioujenga kwa miaka mingi, wala mchungaji hawezi kuwa mwaminifu kwa niaba ya waumini wake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Yesu mwenyewe alikesha Gethsemane na akawataka wanafunzi wake wakeshe naye. Ni kweli, na sala ya usiku ni njema. Lakini sala ile ilimtia nguvu za kuyatoa maisha yake kwa ajili ya wengine. Kungoja kunakowasahau wengine ni hatari, na Kenya imeliona hilo. Kuanzia Aprili 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, watoto wakiwemo. Upande wa mashtaka unasema waumini waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mtumwa mwaminifu wa Mathayo alisifiwa kwa kuwalisha wenzake. Fundisho la kuwanyima watoto chakula kwa jina la kumngoja Bwana ni kinyume cha Injili yenyewe.

Makesha yaendelee, ndugu zangu wa Thika na Ruiru. Ila kila anayetoka kanisani alfajiri ajiulize ni nani anayemdai mshahara, chakula au msamaha, na amlipe siku hiyo hiyo kabla jua halijatua.