Maua Katika Nchi ya Kabichi

Je, ni haki mtu mwenye shamba dogo atenge kipande chenye jua zuri ili apande kitu kisicholiwa wala kuuzwa? Kwa mkazi wa Lukozi swali hili si la mzaha. Katika milima ya Usambara mashamba hugawanywa kwa wana na wajukuu hata vikabaki vipande tu. Na kila kipande chadaiwa na kabichi, karoti na viazi, ambavyo ndivyo vinunuavyo chumvi, sare na madaftari.

Asemaye kwamba maua hayashibishi asema kweli. Mzazi apunguzaye chakula cha wanawe ili asifiwe kwa bustani yake amekosa. Haki hutangulia uzuri. Lakini tuta la hatua mbili mbele ya mlango halimnyimi mtu chakula. Tena kabichi ni ya mwenye shamba, bali ua ni la kila apitaye. Mgonjwa huliona dirishani. Jumapili huenda altareni. Siku ya msiba huwekwa kaburini. Nyumba isiyo na fedha ya kutoa imepata kitu cha kutoa.

Maua yadumuyo miaka mingi yana fundisho zaidi. Dalia, jeranio na agapanthasi hupandwa palipo na jua la saa sita au zaidi, katika udongo uliochimbwa sana na kuchanganywa na samadi iliyooza, marefu nyuma, mafupi mbele. Baada ya miaka michache mengi husongamana, na mwenyewe hana budi kuyagawa na kumpa jirani yaliyozidi. Shamba likigawanywa hupungua. Tuta la maua likigawanywa huongezeka.

Wala si kila ua lapenda jua. Mwaka 1892 mtawala Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta pande hizi za Tanga na Usambara ua dogo la zambarau. Mwaka 1893 likaitwa Saintpaulia. Leo lapamba madirisha ya Ulaya na Marekani, lakini kwao ni miamba yenye unyevu na kivuli cha msitu. Kuling'oa huko na kulipanda juani ni kuliua, tena ni kuiibia milima.

Basi, akina baba na mama, pimeni kwa haki: kwanza sahani za watoto, kisha hatua mbili za maua. Na mtoto akiuliza yatafaa nini, mpeni chipukizi moja alipeleke kwa jirani. Huko atapata jibu.