Ni Nani Atakayefua Majembe?

Masomo: Isaya 2:1–5, 2 Wafalme 6:8–23



Neno la nabii Isaya juu ya panga na majembe tumelisikia mara nyingi, hasa likisomwa kanisani majira ya Majilio. Kwa kuwa tumelizoea, twaweza kulipita kama mtu apitaye njia ya shambani kwake asione kilichoota kando. Basi tusimame kidogo tulitazame. Nabii aliona siku ambayo mataifa watazichukua silaha zao na kuzifua upya ziwe vyombo vya kulimia na kuvunia, wala vijana hawatafundishwa tena kazi ya kupigana. Hakusema silaha zitupwe mtoni. Chuma ni kile kile. Kinachogeuka ni kazi yake. Na kila mkulima ajua ya kuwa chuma hakijifui chenyewe. Lazima iwepo mivukuto, yawepo makaa na nyundo, na awepo mtu aliye tayari kusimama karibu na moto. Swali letu ni hili: mhunzi huyo ni nani?

Tuseme wazi kwamba haya hatuyasemi kwa kuwadharau askari. Wengi wao ni watoto wetu, waliobatizwa makanisani mwetu na kufundishwa kusoma katika shule zetu. Mwezi wa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, taifa halikuwa na budi kujilinda, na wako waliokwenda wasirudi. Lakini sisi tuliokuwa vijana wakati ule twaikumbuka pia bei ya vita ile. Yakisiwa kwamba iliigharimu nchi yetu kama dola milioni 500. Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979, tuliambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mikanda ikabaki imefungwa. Sukari ilipatikana kwa foleni, sabuni kwa bahati, na daftari la mtoto lilijazwa hata pembezoni. Ikiwa hata vita ya haki yala chakula cha watoto kiasi hicho, je, yatupasaje kuwa waangalifu na kila senti inayotolewa kwa jina la ulinzi!

Itazameni Nembo ya Taifa, ile tuliyokuwa tukiwachorea wanafunzi ubaoni. Katika ngao umo mkuki, na humo humo limo shoka na jembe. Waliotupa nembo hiyo hawakuusahau ulinzi, lakini mkuki hawakuuacha peke yake. Taifa lenye mkuki bila jembe litalinda nini?

Sasa tutoe mfano ambao wengi wenu mmekwisha kuusikia. Mwaka 2001 serikali yetu ilifuta ada katika shule za msingi. Watoto walimiminika kama maji. Mwaka 2000 walikuwa kama milioni 4.4 nchi nzima. Kufikia mwaka 2004 walikuwa wamepita milioni 7. Walimu tuliokuwa madarasani twajua maana ya hesabu hiyo: watoto wanne dawati moja, wengine sakafuni, na kitabu kimoja kikizunguka safu nzima kabla hakijarudi. Na mwaka huo huo wa 2001, mwezi wa Desemba, serikali ya Uingereza ilitoa kibali cha kutuuzia mtambo wa rada wa kampuni ya BAE Systems kwa pauni milioni 28. Ilisemekana rada hiyo italihudumia jeshi pamoja na ndege za raia. Benki ya Dunia ilipinga, na hata katika serikali ya Uingereza yenyewe Waziri Clare Short alipinga, wakisema bei ni kubwa mno kwa nchi maskini. Hata hivyo rada ilinunuliwa, tena kwa fedha za mkopo.

Hadithi ingaliweza kuishia hapo, lakini watu hawakuacha kuuliza. Waliuliza waandishi wa habari, waliuliza wabunge wa huku na wa kule, wakauliza wachunguzi. Ikajulikana ya kuwa karibu theluthi moja ya bei ilikuwa imelipwa kwa wakala. Mwezi wa Desemba 2010, mbele ya mahakama ya jijini London, kampuni ile ilikiri kwamba haikutunza hesabu zake ipasavyo. Ilitozwa faini ya pauni 500,000, nayo ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa faida ya watu wa Tanzania. Fedha zilipokawia, wabunge wetu walisafiri mwaka 2011 hadi London kuzidai. Mwaka 2012 makubaliano yalitiwa sahihi, na fedha zile, kama shilingi bilioni 72, zikatengwa kununua vitabu na madawati ya shule za msingi. Wananchi wakaziita chenji ya rada, wakacheka. Lakini sisi walimu tuliona humo jambo la kumshukuru Mungu. Upanga mmoja ulikuwa umepelekwa kwa mhunzi, ukatoka majembe.

Tena tuangalie mhunzi wake alikuwa nani. Hakuwa malaika. Alikuwa kila mtu aliyeuliza, "Fedha hizi zimekwenda wapi?" na hakutosheka na jibu la kwanza. Mwaka 2024 dunia nzima ilitumia zaidi ya dola bilioni 2,700 kwa majeshi. Hatuwezi kuzirudisha kwa mkono mmoja. Lakini mhunzi hafui panga zote kwa siku moja; hufua lile lililo mbele yake.

Pengine ndugu wa Kilosa au wa Mikumi atasema, "Mambo ya rada ni ya wakubwa, mimi sina upanga wa kufua." Ndugu, unao. Mwezi wa Desemba 2000, hapa wilayani kwetu, pale Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Hawakuuawa na jeshi la kigeni. Waliuawa na majirani, kwa silaha za nyumbani, kwa sababu ya malisho, mazao na maji. Na askari, hata akikimbia namna gani, mara nyingi hufika watu wamekwisha kulala chini. Kinachofika mapema ni lambo la kunyweshea ng'ombe, ni mpaka wa kijiji uliopimwa, ni njia ya mifugo iliyokubaliwa na pande zote, ni wazee waliokutana kabla mahindi hayajakomaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa namna hii hujengwa kwa makaburi.

Wala adui zetu wote hawashiki silaha. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika Kilosa. Maelfu ya watu waliachwa bila nyumba, na reli ya kati ikakatika. Adui huyo hakupita angani, na hakuna rada iwezayo kumwona. Azuiwaye kwa tuta linalotunzwa na kwa miti inayoachwa kando ya mto ndiye huyo. Fedha za kutunza tuta ni fedha za ulinzi, hata kama hakuna anayezipigia saluti.

Somo la pili latufundisha jambo hilo hilo. Jeshi la Shamu lilipoangukia mikononi mwa mfalme wa Israeli, mfalme aliuliza kama awapige. Elisha akakataa, akaagiza wapewe chakula na maji. Wakaandaliwa karamu kubwa, wakala, wakarudi kwao. Na vikosi vile vya wanyang'anyi havikuingia tena katika nchi ya Israeli. Karamu ile iligharimu kiasi gani? Haijaandikwa. Lakini mfalme yule alipata kwa mkate amani ambayo mikuki yake haikuwa imemletea.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tuulize. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Tusikae nyumbani siku hiyo kisha tukanung'unika kilabuni. Tuulize kwa adabu, lakini tuulize. Na tuanze na hesabu za sadaka zetu wenyewe, maana anayewauliza wakubwa sharti naye akubali kuulizwa.

Pili, tutunze. Kitabu cha shule kilichopatikana kwa taabu kisifungiwe maandazi. Dawati lililolegea msumari ligongwe leo, lisingoje mfadhili.

Tatu, tuketi meza moja. Mkulima amjue mfugaji kwa jina, na mfugaji amjue mkulima, kabla ya msimu wa ugomvi. Ninyi mkaao karibu na hifadhi ya Mikumi mwajua tembo wawili wakipigana ni kitu gani kinachoumia.

Nne, tuombe. Tuwaombee askari wetu warudi salama makwao, na watawala wetu wapewe hekima ya kuketi kwanza na kuhesabu gharama, kama Bwana wetu alivyofundisha katika Luka 14 juu ya mfalme aliyetaka kwenda vitani.

Ee Mungu, Mfalme wa amani, utupe mikono isiyochoka kufua, na macho ya kumtambua ndugu hata katika yule tunayemwogopa. Uwape watoto wetu mkate, kitabu na usingizi wa salama. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.