Deni la Ahadi

Wahenga walinena kuwa ahadi ni deni. Hawakutuambia ni nani alipaye pale ahadi inapotimizwa kwa hasara ya watu wasiokuwapo ilipofungwa.

Yapata mwaka 1980, maabara ya chuo cha MIT, Marekani, ilipewa na kampuni ya Xerox mashine ya kuchapia iliyokwama karatasi mara kwa mara. Mtunga programu Richard Stallman alitaka kuirekebisha programu yake, ili iwaarifu watumiaji kila inapokwama. Akamwendea mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliyekuwa na msimbo wake. Akanyimwa: mwenyewe alikwisha kuahidi kutoutoa.

Je, alitenda wema aliyetimiza ahadi? Stallman alihukumu kuwa kosa ni kule kuahidi, kwani neno moja liliwanyima watu chungu nzima. Mwaka 1983 akatangaza GNU, mfumo ambao kila mtu ana ruhusa ya kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi mjini Helsinki, akatoa Linux, kiini kilichokuja kuukamilisha.

Hata leo, kompyuta haisemezani na kifaa bila ya kiendeshi, programu iliyo mkalimani baina yao. Mtengenezaji akiificha lugha ya kifaa, mkalimani huyo hatungiki ila kwa kubahatisha, na mnunuzi hubaki na bubu mezani.

Siri ya rafiki ni amana, kwa kuwa ni yake. Siri ya kifaa kilichokwisha kuuzwa ni ya nani? Atakiwaye kuahidi na aulize kwanza: deni hili atalilipa nani?