Vazi la Kuiga na Nafsi ya Mwigaji

Binadamu huzaliwa uchi, na nguo yake ya kwanza huchaguliwa na mtu mwingine. Hata anapopata akili na uwezo wa kujichagulia, uchaguzi wake hautoki katika utupu. Ameona, amependa, kisha ameiga. Kwa hiyo kuuliza kama inafaa kuiga katika mavazi ni kupoteza wakati, kwani asiyeiga hajapata kuzaliwa. Swali lenye uzito ni jingine: mtu anapotamani vazi aliloliona mwilini mwa mwingine, akalitafuta na kulivaa, je, hujiongezea utu au hujipunguzia?

Swali hili limezoea kupelekwa mijini, penye majukwaa ya maonyesho na taa za wapiga picha. Lakini huko jawabu hufichwa na fedha. Afadhali lipandishwe mlimani, Magamba, juu ya mji wa Lushoto, ambako msitu hupanda hadi kiasi cha mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na ambako kipupwe cha Juni na Julai hakimwulizi mtu apenda mtindo gani. Huko nguo ina kazi kabla ya kuwa na uzuri. Mwanamke apandaye mteremko na mzigo wa kabichi hufunga kitenge juu ya sweta, na juu ya kitenge akajitanda kanga. Kijana wa bodaboda hujisitiri kwa koti zito lililoshonwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya.

Hata hivyo, Magamba haiko nje ya dunia. Chuo kikuu kishiriki cha Sebastian Kolowa kilipoanzishwa hapo mwaka 2007, vijana wa mikoa mbalimbali waliupanda mlima pamoja na mitindo yao. Siku hizi hata chuo hakihitajiki kuwa daraja. Picha za waimbaji, waigizaji na wanamitindo hufika kwa simu kabla ukungu wa asubuhi haujainuka.

Mfikirie basi msichana wa huko anayemwendea fundi cherehani barazani. Simuni ana picha ya mwimbaji aliyevaa gauni la mabega wazi, refu mbele na nyuma, lenye mkia wa kuburura. "Shikamoo fundi. Nataka kama hili." Fundi huitazama picha, kisha humtazama aliyeileta. "Marahaba, mwanangu. Kama hili litakuua kwa baridi, na mkia huu utafagia njia yote ya kwenu." Wakajadiliana. Mabega yakapata mikono, mkia ukakatwa, ndani pakatiwa bitana, na kitambaa cha kung'aa kikawa kitenge. Rangi zilivyopangwa, kiuno kilivyobanwa na shingo ilivyokatwa, hayo yakabaki ya mwimbaji. Msichana akaondoka na vazi ambalo mwimbaji mwenyewe asingelitambua, ila angelipenda.

Alilolifanya fundi si nakala. Ni tafsiri. Na wapenzi wa ushairi hawana haja ya kufundishwa tofauti iliyopo baina ya mambo hayo mawili. Mnakili huyahamisha maneno. Mfasiri huihamisha maana, na ili maana ifike salama, hana budi kuyaacha mengi ya nje njiani. Ushairi wa Kiswahili wenyewe umejengwa juu ya kuiga kwa namna hii. Atungaye tarbia ya mizani kumi na sita hakuubuni mshororo wake. Ameukuta, kama walivyoukuta wa kabla yake, na hakuna anayemwita mwizi. Vina na mizani ni vazi la kurithiwa, na kinachohukumiwa ni fikra iliyovikwa vazi hilo. Shairi lisilo na wazo, hata likitimiza kila arudhi, ni joho juu ya kijiti.

Historia ya nchi imelijaribu jambo hili kwa njia ya ajabu. Mwezi wa Oktoba mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na ilipofika tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kuchubua ngozi vikawa vitu vya kupigwa vita mjini Dar es Salaam. Hoja ilikuwa kwamba vitu hivyo ni vya kuiga wageni. Lakini muda mfupi tu kabla ya hapo serikali ilikuwa imewaandama Wamasai, ikiwataka waache ngozi, lubega na kujipaka udongo mwekundu, wavae kama watu wa kisasa. Msichana wa mjini aliambiwa amezidi kuwa mgeni, na Mmasai akaambiwa amezidi kuwa mwenyeji. Waliotoa amri zote mbili walikuwa wamevaa suruali na mashati, mavazi ambayo hayakuota katika ardhi ya Afrika.

Mwaka huohuo wa 1969 kikatoka kitabu cha Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare iliyofasiriwa na Rais Julius Nyerere, baada ya ile ya Juliasi Kaizari iliyotoka mwaka 1963. Hapa hakuna aliyelalamika kwamba Rais ameiga Waingereza. Kwa nini? Kwa sababu kila msomaji aliona kwamba kitu cha wageni kimepita katika akili ya mtu mwenye haja yake na lugha yake. Jina la kitabu peke yake latosha kuwa ushahidi. Mfanyabiashara wa Shakespeare aligeuka mabepari, katika nchi iliyokuwa imetangaza Azimio la Arusha miaka miwili tu iliyopita. Huyo si mnakili. Kama haki hii ilikuwa halali kwa Rais na kitabu, ni vigumu kueleza kwa nini iwe haramu kwa msichana na sketi. Isipokuwa kwa jambo moja: msichana hakuulizwa alikuwa anafasiri nini.

Mwalimu mwenyewe aliigwa. Suti isiyo na tai, iliyofungwa vifungo hadi shingoni au yenye mikono mifupi, ambayo wengine waliifananisha na mavazi ya viongozi wa China na wengine wakaiita kwa jina la Kaunda, ilienea maofisini kote. Wapo waliovaa suti hiyo pamoja na maana yake, yaani kujizuia na makuu. Wapo pia walioishona kwa kitambaa cha bei kali kuliko suti yenye tai. Waliochukua mshono wakaiacha sababu walikuwa wanakili, ingawa waliyemwiga alikuwa mtu mwema. Hivyo ubora wa kielelezo haumwokoi mwigaji. Mtu aweza kumwiga mtakatifu na asipate ila kanzu yake.

Lakini ipo hoja iliyo chini zaidi ya hii, na visiwa vya Unguja na Pemba vinaijua kuliko mahali pengi. Kabla ya sheria ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa, nguo ilisema nani ni nani. Merikani, ile pamba ghafi ya kutoka Marekani, na kaniki iliyotiwa rangi ya nili, zilikuwa nguo za mtumwa na mnyonge. Kilemba, viatu na kujifunika kichwa vilikuwa alama za uungwana. Utumwa ulipoondolewa, wanawake walioachwa huru waliziacha kaniki wakajifunga kanga, na baadaye wakavaa buibui. Kanga nayo ilikuwa mtindo wenye kwenda mbio. Kutoka leso zilizoungwa kwa sindano ilifika kuwa doti zilizopigwa chapa ng'ambo na kuuzwa na wafanyabiashara wa pwani, kama Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, na akina mama waliingoja nakshi mpya kama vijana wa leo wanavyongoja toleo jipya. Je, wanawake wale walikuwa waigaji? Bila shaka. Walimwiga mwungwana. Lakini hakuna mwenye moyo atakayesema kwamba walijipoteza. Walidai kwa kitambaa kile walichonyimwa kwa sheria.

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, binti wa mfinyanzi, alipokuwa mwimbaji mashuhuri, wapinzani walimtungia wimbo wa kumkumbusha kwamba aliingia mjini na kaniki zake. Kashfa yote ililenga nguo. Jibu lake, ambalo wapenzi wa taarabu wanalijua, halikusema kwamba sasa anazo nguo bora kuliko zao. Lilisema kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba si hoja. Hasara ya mtu ni kukosa akili. Angeweza kushindana kwa kitambaa, maana uwezo alikuwa nao. Akakataa kipimo chenyewe.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kinachomtia mtu utumwani si kuiga, bali ni hofu ya kudharauliwa. Msichana wa Magamba anayependa shingo ya gauni la mwimbaji, akaipeleka kwa fundi, yuko huru. Lakini yule anayekopa fedha za mbolea ili anunue viatu asivyoweza kuvitembelea kwenye njia za milimani, kwa kuwa wenzake watamcheka, si huru, hata kama viatu ni vizuri. Na yule aonaye haya kutembea na mama yake kwa sababu ya kanga iliyopauka amekwisha kupokea kipimo cha waliomcheka Siti. Waswahili wamesema nguo ya kuazima haisitiri matako. Aliyeazima macho ya watu wengine ajitazamie nayo, huyo yu uchi zaidi.

Yafaa pia kukiri kwamba kielelezo chema humrudishia mtu kilicho chake. Mwaka 2007 Flaviana Matata aliiwakilisha Tanzania katika mashindano ya Miss Universe nchini Mexico akiwa amenyoa kichwa, akaingia kumi bora. Kichwa kilichonyolewa ni jambo ambalo wasichana wengi wa shule nchini wamelazimishwa kulizoea. Wengi walikiona ni adhabu ya urembo, kitu cha kusubiri kiishe. Ghafla kikawa urembo mbele ya walimwengu. Aliyemwiga huyu hakuhitaji kununua chochote. Alihitaji kujitazama upya kiooni.

Wako watakaosema kwamba maneno haya yote ni anasa kwa mtu anayenunua mitumba, kwa kuwa maskini hachagui. Yaliyomo ndani ya robota huchaguliwa na waliochoka nayo. Ni kweli kwamba biashara hii, iliyopanuka tangu milango ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, ina ukatili wake, na nchi zetu zilipokubaliana mwaka 2016 kuiondoa hatua kwa hatua, Marekani ilitishia kuzinyima nafasi katika soko lake. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegea. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya nguo zake. Lakini si kweli kwamba maskini hachagui. Tazama mikono ya mwanamke anayepekua rundo sokoni, inavyogeuza mshono, inavyovuta kitambaa, inavyorudisha tisa na kushika moja. Koti lililotupwa Ulaya kwa kuwa mtindo wake umepita hupata Magamba baridi lililokusudiwa, na mvaaji anayelihitaji kuliko mwenyewe wa kwanza. Huenda hapo ndipo vazi hilo lilipopata maana yake.

Na milima hii nayo imewavika wengine. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, aliliokota ua dogo la zambarau lililojificha kwenye vivuli vya Usambara, akalipeleka kwao. Wataalamu wakalipa jina lake, Saintpaulia, na likawa pambo la madirishani Ulaya na Marekani. Bibi wa Berlin aliyeliweka ua hilo dirishani alifuata mtindo wa siku zake bila kujua kwamba ameiga kivuli cha mlima asioujua. Kupeana ni kwa zamani. Lisilo haki ni upande mmoja kuitwa ladha na upande wa pili kuitwa kuiga.

Katika misitu hiyohiyo huishi vinyonga ambao mwaka 2006 wataalamu waliwapa jenasi yenye jina la Kiswahili, Kinyongia. Watu humtukana mgeugeu kwa jina la mnyama huyu, wakidhani kwamba kila anapokanyaga hugeuka kuwa alipokanyaga. Walio chunguza wanasema vingine. Kinyonga hubadili rangi hasa kwa kusema na wenziwe, kwa hasira, kwa kujinadi, na kwa baridi: asubuhi hukoza weusi ili alinywe jua. Rangi yake hutoka ndani, kwa haja yake, na haivuki mipaka ya ngozi yake.

Mwigaji wa mavazi na apimwe kwa kipimo hicho. Asiulizwe vazi limetoka wapi, kwani yote yametoka mahali. Aulizwe kama haja iliyomvisha ni yake. Na wenye kumtazama wajiulize nao, kwani hofu inayomlazimisha mtu kujivika asichokihitaji haikuzaliwa moyoni mwake. Ilitiwa humo na jicho lililomshukia toka kichwani hadi miguuni, likakadiria bei, kisha likageuka pembeni.