Boga Lenye Macho na Watoto Wetu

Ndugu msomaji, mfikirie mama wa kwetu, wa Mombasa au wa Unguja, ambaye riziki imempeleka Marekani yeye na mumewe. Mwezi wa Oktoba wakaribia kwisha. Mwanawe wa miaka saba arudi skuli na karatasi nyeusi, mkasi na gundi mkobani, amwambia: "Mama, kaa na mimi tufanye mapambo ya Halloween. Wenzangu wote mama zao hukaa nao." Mama huyu amjibu nini?

Huenda ukasema hayo ni mambo ya ng'ambo, hayatuhusu. Lakini ni nyumba ngapi za pwani leo zisizo na ndugu au mtoto London au Toronto? Na ya huko hutufikia katika simu zetu siku ile ile. Bora basi tuyapime mapema, kabla hayajatubishia hodi.

Kwanza tulijue jambo lenyewe, kwani kuhukumu usilolijua ni dhuluma. Halloween ni usiku wa tarehe 31 Oktoba. Maana ya jina hilo ni mkesha wa watakatifu, kwa kuwa tarehe 1 Novemba Wakristo wengi wana sikukuu ya Watakatifu Wote, na siku ya pili yake ni ya kuwaombea maiti. Tangu kale watu wa Ireland na Scotland walikuwa na sikukuu yao iitwayo Samhain, ya kufunga mavuno na kuingia majira ya baridi, na wengi waliamini kwamba usiku huo mizimu hutembea. Huko watu walikuwa wakichimba mboga za mizizi mithili ya figili kubwa, wakazichonga nyuso za kutisha na kutia moto ndani. Njaa kubwa ya viazi ilipoipiga Ireland kuanzia mwaka 1845, watu wengi mno walihamia Marekani. Huko boga, lililo kubwa na jepesi kuchonga, likashika mahali pa figili.

Leo wengi wanaolichonga hawafikiri mizimu wala watakatifu. Kwao ni mchezo wa watoto. Hukata popo wa karatasi, hunyambua pamba ikawa utando wa buibui, na hufunika mpira kwa kitambaa cheupe, wakakitia macho mawili ya wino na kukitundika mlangoni kiwe mzuka. Kisha watoto huzunguka nyumba kwa nyumba wakiomba peremende.

Basi majibu mepesi ni mawili. La kwanza ni kusema, "Ni karatasi tu, mwache mtoto acheze." Lakini bendera nayo ni kitambaa tu, wala hakuna aipangusiaye meza. Kitu hupata uzito kwa maana iliyotiwa ndani yake, na tumefunzwa kwamba anayejifananisha na watu huhesabiwa nao. Sikukuu ya watu ni mlango wa nyumba yao, na sisi tuna nyumba yetu.

Jibu la pili ni kupiga ukelele: "Haramu! Weka mkasi huo!" Mwenye kusema hivyo hakukosa katika hukumu, amekosa katika malezi. Mtoto hakusikia hoja, amesikia mlango ukifungwa. Kesho atayafanya mapambo yale yale kwa jirani, na atakuwa amejifunza kwamba dini ni kile kinachomnyang'anya mtu mkasi mkononi.

Hebu tukitazame kile kitambaa cheupe. Kwa wenzetu ni mzuka wa mchezo. Kwetu sisi kitambaa cheupe ni sanda. Ndicho alichovishwa babu, na ndicho tutakachovishwa sote, vipande vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke. Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu watu kuzuru makaburi kwa sababu huko hukumbusha Akhera. Mtoto aliyezoea kumcheka maiti mlangoni, atasimamaje kaburini kwa baba yake? Tena imepokewa kwamba katika safari moja mtu alichukua kamba ya mwenziwe aliyelala, naye akashtuka, na Mtume akabainisha kwamba si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenziwe. Na hilo lilikuwa mzaha tu.

Lakini tuseme kweli, msomaji. Ni nani kati yetu asiyewahi kumwambia mtoto, "Lala, zimwi laja!" Twawashangaa wenzetu kutundika mizuka siku moja kwa mwaka, ilhali sisi twaitundika katika vichwa vya watoto wetu kila jioni, ili tu wanyamaze. Tukitaka kumkataza mtoto mchezo wa kutisha, tuanze na ndimi zetu.

Sasa turudi kwa mama yetu na mtoto wake. Sikiliza vizuri alichoomba. Neno la kwanza halikuwa Halloween. Alisema, "Mama, kaa na mimi." Hilo ndilo ombi lenyewe, na halina uharamu wowote. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na vitu vyake vya kuchezea, na kati yake farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Mtume alipomwuliza habari za farasi mwenye mbawa, alimjibu kwamba farasi wa Nabii Suleiman walikuwa na mbawa, naye Mtume akacheka. Hakuuvunja mchezo wake. Aliuliza habari zake.

Wala sisi si maskini wa furaha za watoto. Huko Oman, katikati ya Ramadhani, watoto huwa na usiku wao uitwao Karankasho. Hutoka na taa, wakaenda mlango kwa mlango wakiimba na kupewa peremende. Kuwait na Bahrain wana wa kwao pia. Misri watoto hubeba fanusi. Na mwambao huu una ukili wa kusuka, kofia za kushona na vikuba vya asumini. Haya yote hutaka mkono wa mtoto na saa moja ya mzazi. Kilichopungua ni ile saa moja.

Basi mama na aketi. Amweleze mwanawe kwa upole sikukuu ile ni ya nani, na kwa nini sisi hatuiadhimishi. Kisha waukamate mkasi pamoja, wakate fanusi za karatasi na kuziweka zisubiri Ramadhani. Boga nalo walipasue, mbegu wazikaange, nyama waipike kwa tui la nazi. Na mtoto wa jirani akibisha usiku ule, asifungiwe mlango kwa hasira wala asisomewe khutba. Kumpa mtoto kitu kitamu kwa nia ya ujirani ni wema wa kila siku, na tusiungoje usiku huo kuufanya.

Msomaji mpenzi, usiulize tu mwanao amekata nini kwa mkasi. Uliza pia alikuwa ameketi na nani alipokuwa akikikata. Mahali tulipopaacha wazi kando ya mtoto, hapakosi mtu wa kupakalia.