Omba Moto kwa Jirani

Binti wa kaka yangu ameajiriwa ualimu, naye amepangiwa wilaya ambayo hajapata kuikanyaga. Juzi alinisomea kwa simu orodha ya vitu alivyokwisha kununua: mtungi wa gesi, godoro, ndoo tatu, unga, mchele, viungo, pasi, hata ufagio na chumvi. "Shangazi, sitaki kumsumbua mtu huko niendako," akaniambia. Nilimsifu kwa kujiandaa. Lakini usiku ule sikupata usingizi, kwa maana maneno hayohayo niliwahi kuyasema mimi, na yalinigharimu miezi mitatu ya upweke.

Nimezaliwa Kisarawe, Uzaramoni. Nilipomaliza chuo nilipelekwa kufundisha katika kijiji kimoja mkoani Tabora. Kwa Reli ya Kati, kutoka Dar es Salaam mpaka Tabora ni kilomita zipatazo 840, na nilishuka stesheni nikiwa na jiko la mchina, dumu la mafuta ya taa, na sanduku lililojaa kila kitu ambacho mama alidhani kitanipungukia. Nikitoka shule naingia ndani, napika, nakula, nasahihisha madaftari, nalala. Njiani nikisalimiwa naitikia, napita. Niliona hiyo ndiyo adabu: kila mtu na lake, nisiwe mzigo kwa mtu. Miezi mitatu ikakatika bila mtu kunibishia hodi. Nikaandika barua nyumbani kwamba watu wa huku ni wakavu.

Jioni moja ya mvua mafuta yaliniishia, na duka limeshafungwa. Njaa ikanitoa ndani. Nilikwenda nyumba ya pili kwa bibi mmoja, nikabisha hodi, nikasema, "Shikamoo bibi. Naomba moto." Alinitazama kitambo. Kisha akainama mekoni, akachagua kaa lililoshika vizuri, akaliweka juu ya kigae cha chungu kilichovunjika, akaliviringishia majivu kidogo lisizimike njiani. Akaniuliza, "Na kuni unazo?" Sikuwa nazo. Akanifungia kitita, na aliponikabidhi akasema, "Mwalimu, sisi tulidhani wewe huhitaji watu."

Neno lile sijalisahau. Nilichokiita adabu, wenzangu walikiona ni mlango uliofungwa kwa ndani. Walikuwa wananisubiri nihitaji kitu.

Kesho yake bibi alileta bakuli la michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Kwetu Pwani bakuli la watu halirudi tupu, na kumbe hata kwao ni hivyo. Nikalirudisha na sukari. Likaja tena na karanga, nikalirudisha na chai. Bakuli lile lilikwenda na kurudi hadi majani yaliyokuwa kati ya nyumba zetu yakafa, ikaonekana njia.

Basi nasaha yangu ya kwanza kwa kila anayehamia ugenini ni hii: jiachie kuhitaji watu. Omba moto, omba ungo, omba kuelekezwa kisimani, omba kufundishwa kuchambua mlenda. Anayeombwa jambo dogo hupata heshima ya kuwa mwenyeji, na wewe hupata mtu wa kumrudishia. Hapo ndipo ujirani unapoanzia. Asiyedaiwa na mtu hana sababu ya kurudi kwa mtu. Sizungumzii kuombaomba wala kukopa bila kulipa, kwa sababu hayo huvunja ujirani upesi kuliko kiburi. Nazungumzia kidogo kinachokwenda na kidogo kinachorudi.

La pili, liweke chini neno "kwetu". Mgeni hana neno linalomponza kama hili. "Kwetu mboga haipikwi hivi." "Kwetu harusi haichelewi." Hata kama ni kweli, anayesikiliza husikia kwamba kwake kuna kasoro. Jifunze kwanza kuuliza: "Hapa mnafanyaje?" Jifunze salamu yao, hata kama ni moja tu. Asubuhi niliyoamkia "Mwangaluka" kwa mara ya kwanza, kinamama kisimani walicheka mpaka wakatua ndoo. Walicheka kwa furaha, na tangu siku ile walianza kuniita kwa sauti kutoka mbali.

La tatu, nenda msibani. Harusi utasubiri kadi, lakini msiba haumwaliki mtu. Ukisikia kilio, funga khanga au vaa shati la heshima, nenda. Huhitaji maneno mengi. Sema pole, kaa mkekani, toa rambirambi yako kwa kadiri ya mfuko wako, halafu ulizia kazi: maji yanachotwa wapi, mchele unachambuliwa na nani. Aliyekuosheeni vyombo msibani hamwezi kumwita mgeni tena.

Mimi mwenyewe nilipokelewa msibani. Nilikuwa nimejikunyata pembeni mzee mmoja aliponiuliza kabila langu. Nikamwambia. Akapaza sauti mbele ya watu wote, "Mzaramo! Umetuletea hongo mliyowatoza babu zetu?" Nikashtuka. Waombolezaji wakacheka, hata wafiwa wakatabasamu, na sufuria la maharage nikakabidhiwa mimi, kwa kuwa mtani kazi yake haiko pembeni.

Wazee hueleza asili ya utani huo kati yetu Wazaramo na Wanyamwezi, wenyeji wa kijiji kile. Katika karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi ilisafirisha pembe za ndovu kwa miguu kutoka bara hadi Bagamoyo, na njia ilipita Uzaramoni. Huko walinunua chakula, wakatozwa hongo, wakagombana, wakapatana. Mpagazi akiugua au akifa mbali na kwao, nani angemuuguza, nani angemzika? Watu wa njiani. Ndivyo wageni walivyogeuka watani: wa kuzikana, wa kusaidiana, na wa kutaniana bila kununa. Wahehe na Wangoni nao walipigana vita vikali katika karne hiyohiyo, na leo ni watani. Babu zetu walijua kwamba mgeni hazoeleki kwa kukaa tu. Walimpatia nafasi yake na kazi yake. Wanyamwezi walifika kwetu na pembe mabegani, mimi nikafika kwao na sanduku, na nafasi yangu nikaikuta inanisubiri. Nilikuwa nimejifungia nyumbani tu.

Zipo methali zinazotumika vibaya katika jambo hili. Tunaambiwa ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Wapo wanaoielewa kuwa ni ruhusa ya kuacha dini yao, kiasi chao na malezi yao ili wapendwe. Sivyo. Kijijini pale pombe ilinywewa, na mimi sinywi. Mwaliko wa kwanza niliukataa kwa uso uliokunjamana, nikamuudhi mwenye shughuli. Wa pili nilikwenda. Nilikaa, nikapokea uji, nikasaidia kubeba watoto, nikaaga mapema kwa heshima. Hakuna aliyenilazimisha. Kataa kitu, usimkatae mtu. Ukilishika hilo utaishi popote bila kujipoteza.

Vijana wa leo wana mtihani ambao sisi hatukuwa nao. Barua yangu ilichukua wiki kadhaa kufika, kwa hiyo upweke ulinisukuma nje. Wao wana simu. Jioni ikifika wamelala kitandani wanaongea na marafiki wa zamani mpaka usiku wa manane. Mwili uko Urambo, masikio yako Dar es Salaam. Zungumza na nyumbani, mwanangu, kwa maana ni dawa. Lakini saa ile ya jioni watu wanapokaa vibarazani, zima simu, toka ukakae nao. Na usiihukumu sehemu kabla hujaiona masika na kiangazi, kulima na kuvuna.

Nawageukia wenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone: uponyaji huo hauji kama mgeni tunamwita "mtu wa kuja" hadi mwaka wa kumi. Msimcheke anapokosea lugha, mcheke naye. Mkimwona mwalimu, muuguzi au mpangaji mpya amejifungia, msiharakishe kumwita mringaji. Huenda ni woga, huenda ni mafunzo aliyopewa kwao. Tumeni mtoto akaombe kiberiti. Mkimwomba ninyi kwanza, mmemfungulia mlango wa kuomba. Na ile ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, wengi huidhani ni methali ya kumchoka mgeni. Mimi naisikia kama heshima. Jembe hupewa mtu anayehesabiwa miongoni mwa watakaovuna.

Bibi yule ametangulia mbele ya haki. Siku ya mazishi yake mimi mtani nilichota maji, nikapika, nikawatania wanawe mpaka wakacheka katikati ya machozi. Kigae chake ninacho. Nilikiomba kwa wanawe.

Jana nimempigia simu binti wa kaka yangu. Nimemwambia achukue godoro, achukue mtungi, achukue ndoo zote tatu na ufagio wake. Chumvi aiache. Akifika, jioni ya kwanza, aende nyumba ya pili akabishe hodi.